Rungwe: Mtoko wa Wawili Kwenye Msitu wa Volkano

Ukimuuliza kijana wa mjini mwenye kazi yake na mpenzi wake kwamba wikiendi wanatoka kwenda wapi, jibu unalijua kabla hajafungua mdomo: ufukweni, kuku choma, muziki, halafu nyumbani kulala. Si vibaya, na mimi mwenyewe napenda. Lakini hebu jiulize msomaji wangu: mara ya mwisho mlipokaa meza moja na mwenzi wako, mliongea nini ambacho msingeweza kuandikiana kwenye simu?

Mwezi huu nataka nikupeleke mbali kidogo na meza hizo. Twende Nyanda za Juu Kusini, mkoani Mbeya, kwenye misitu inayozunguka milima ya volkano ya Rungwe na Uporoto. Hakuna muziki huko, na mtandao wenyewe wa kubahatisha. Kuna mto unaojificha chini ya mwamba, kuna daraja ambalo halikujengwa na fundi yeyote, na kuna ziwa lililokaa kwenye tumbo la mlima. Ni sehemu ambazo Watanzania wengi tumezisoma kwenye jiografia ya shule, tukafanyia mtihani, basi yakaishia hapo.

Mimi nilikuwa na sababu yangu ya kwenda. Mume wangu alihamishiwa Mbeya kikazi, nami nikabaki Dar es Salaam na ajira yangu na mama yangu mzazi ninayeishi naye. Kwa miezi minane tulikuwa wanandoa wa simu. Kila usiku mazungumzo yalianza na "umekula?" na kuishia kwenye swali lile lile: nani amfuate nani? Na kwa sababu swali hilo halina jibu la simu, mmoja wetu alikuwa anasema amechoka, tunaagana. Nilipopata likizo ya siku chache nikamwambia sitaki tukae ndani tuendeleze ubishi ule ule kwenye kochi. Akasema, "Basi nitakupeleka porini." Nilidhani anatania.

Kutoka Uyole, hewa inabadilika

Jumamosi asubuhi tulikodi gari dogo tukatoka Mbeya mjini. Ukifika Uyole, barabara inagawanyika, nawe unashika ile ya Tukuyu na Kyela. Hapo ndipo mwinuko unapoanza. Masikio yanaziba, vioo vya gari vinapata ukungu, na ndani ya nusu saa aliyevaa fulana anatafuta sweta. Ukipita Isyonje unaona ndoo za viazi mviringo zimepangwa kando ya barabara kama wanafunzi mstarini, na udongo mweusi mashambani unaonekana kama umemwagiwa mafuta.

Udongo huo ni zawadi ya moto. Eneo hili liko pale ambapo matawi ya Bonde la Ufa yanakutana, na kwa maelfu ya miaka milima yake imekuwa ikitapika majivu na mawe yaliyoyeyuka. Mlima Rungwe, wenye mita 2,961, ulilipuka kwa nguvu kubwa yapata miaka 4,000 iliyopita, ukamwaga mawe mepesi yenye matundu kama sifongo. Jirani yake, mlima Kyejo, ulitoa uji wake wa moto mara ya mwisho karibu mwaka 1800, yaani enzi za babu wa babu zetu. Ongeza na mvua, maana miteremko ya upande wa Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka na sehemu nyingine hukaribia 3,000. Matokeo yake ni migomba, chai, kahawa na maparachichi mpaka unachoka kutazama. Na juu ya mashamba hayo, umekaa msitu.

Kijungu na Daraja la Mungu

Kituo chetu cha kwanza kilikuwa mto Kiwira. Ukifika mji mdogo wa Kiwira unakata kulia, unaingia barabara ya vumbi, na wakati wa mvua ni ya matope kwelikweli. Kwa vile njia inapita kwenye eneo la Jeshi la Magereza, jiandikishe unapoambiwa ujiandikishe, na kamera yako iache mpaka ufike mtoni. Majengo yao hayapigwi picha.

Kijungu ni chungu kidogo, na jina limesema kila kitu. Mto mzima unakuja kwa kasi, unafika kwenye mwamba mweusi, unatumbukia ndani ya shimo la mviringo na kuzunguka humo kama uji unaokorogwa kwa mwiko. Kisha unapotea. Unasimama juu ya jiwe kavu huku unausikia ukinguruma chini ya miguu yako, halafu unautazama ukitokea mbele umetulia kama vile hakuna kilichotokea. Maji yenye mchanga na kokoto yameuzunguka mwamba huo wa volkano kwa muda usiohesabika mpaka yakachimba chungu. Tafadhali, msiruke, msiogelee, wala msipigane picha za kuning'inia ukingoni. Jiwe lina utelezi na mto hauna masihara.

Daraja la Mungu liko kwenye mto huo huo. Ni upinde wa jiwe unaounganisha kingo mbili, na watu wanapita juu yake bila wasiwasi. Wataalamu wanaeleza kwamba uji wa moto wa volkano ulitiririka mpaka mtoni, ukapoa na kuganda, na maji yakaendelea kula sehemu ya chini mpaka ukabaki upinde huo. Wenyeji nao walishalipa jina zamani, na mimi sikuona sababu ya kubishana nao. Bibi mmoja aliyekuwa anatoka shambani na mzigo wa ndizi kichwani alitukuta tumesimama tunashangaa. Tulimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akatuangalia kisha akamwambia mume wangu, "Mshike mkono mwenzio, mwanangu, hapo panateleza." Mume wangu akanishika mkono. Nikakumbuka kwamba Dar tukitembea barabarani huwa anatangulia hatua tatu.

Tulimshukuru kwa maneno mawili ya Kinyakyusa ambayo mume wangu amejifunza, "Ndaga fijo." Bibi alicheka mpaka ikabidi aushike mzigo kwa mikono miwili.

Jioni ya Tukuyu na habari za kipunji

Tulilala Tukuyu, mji mdogo wa mlimani ambao enzi za Wajerumani uliitwa Neu Langenburg. Usitegemee hoteli ya nyota tano. Utapata nyumba ya wageni safi, blanketi mbili nzito, maji ya moto kwa ndoo au bomba kutegemea bahati yako, na chakula cha maana. Sisi tulikula mbalaga, yaani ndizi za kupika, na nyama, tukateremsha na chai inayolimwa pale pale mlimani.

Jioni ukungu ulifunguka kidogo na mlima Rungwe ukajitokeza wote. Mhudumu wa pale ndiye aliyetuanzishia habari za kipunji, na nyingine nilizifuatilia baadaye. Kipunji ni nyani mwenye manyoya ya kahawia na kishungi kilichosimama kichwani kama kijana aliyetoka saluni. Mlio wake wataalamu wanaufananisha na honi iliyochanganyika na kubweka. Wawindaji wa vijiji vya hapa walikuwa wakimtaja miaka yote. Lakini ni mwaka 2003 tu watafiti walipofuatilia maneno hayo wakapanda Rungwe na kumwona kwa macho yao. Mwaka uliofuata watafiti wengine wakamkuta msitu wa Ndundulu, kwenye milima ya Udzungwa, na mwaka 2005 akatangazwa rasmi kwa dunia. Mwaka 2006 ikagundulika kwamba hafanani na jamaa zake kiasi cha kupewa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus. Hiyo ilikuwa jenasi mpya ya kwanza ya nyani wa Afrika tangu 1923. Sensa ya miaka ile ilikadiria kwamba wamebaki wapatao 1,100 tu duniani kote, na wote wako Tanzania.

Fikiria hilo. Mnyama mkubwa kiasi hicho, anayepiga kelele kiasi hicho, na sayansi haikuwa na habari zake mpaka mtu alipokaa na wawindaji akawauliza na kuwasikiliza. Mume wangu akakoroga chai yake, akasema taratibu, "Kumbe jambo linaweza kuwepo miaka yote, tatizo hakuna aliyeuliza." Nilimtazama. Nilijua haongelei nyani.

Msitu wa Rungwe ulipandishwa hadhi mwaka 2009 ukawa hifadhi ya mazingira asilia. Mkiwa na pumzi na siku nzima, mnaweza kupanda mpaka kileleni na kushuka, mkianzia upande wa Isongole alfajiri na mwongoza njia. Ni saa nyingi za kupanda, si matembezi ya viatu vya Jumapili. Sisi tuliamua kuuacha kwa safari nyingine.

Ngosi, ziwa ndani ya mlima

Jumapili tuliamkia Ngosi. Kutoka Tukuyu unarudi na barabara ile ile kuelekea Mbeya, kisha unakata kushoto kwenye njia ya vumbi inayopita katikati ya mashamba ya viazi. Gari lisilo na uwezo mliache kijijini, bodaboda zipo. Mwongoza njia wetu alikuwa kijana mwenyeji, buti za mpira miguuni na panga kiunoni. Mimi aliniita dada, mume wangu kaka, na kabla hatujaanza alikagua viatu vyetu kama askari wa gwaride. Vyangu vikapita. Vya kaka vikapita kwa huruma.

Dakika chache tu baada ya kuacha mashamba, mnaingia gizani. Miti imekutana juu, matawi yana ndevu za kijani zinazoning'inia, na chini kuna migomba pori yenye majani makubwa kama mikeka. Kuna mianzi. Kuna mizizi iliyojipanga kama ngazi. Kuna majani ambayo ukiyagusa utajikuna mpaka jioni, na kijana wetu alikuwa anapiga kelele kila baada ya muda: "Dada, shika ule mti, siyo huo!"

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo penye siri ya mtoko wa namna hii. Njia ya msituni ni nyembamba. Mnatembea kwa mstari, mmoja mbele, mwingine nyuma. Hamtazamani usoni. Hakuna anayeona mwenzake amekunja ndita au amebetua mdomo. Na kwa sababu pumzi ni za kubana, huwezi kutoa hotuba. Unasema sentensi moja, unapanda hatua kumi, unasubiri jibu. Mambo ambayo tulishindwa kuyasema kwa miezi minane yalianza kutoka hivyo, kipande kipande, kuelekea mgongo wa mtu.

"Niliacha kuomba uhamisho," akasema mgongo wa mume wangu.

Nikapanda hatua kadhaa. "Tangu lini?"

"Tangu Machi. Napapenda huku. Natoka kazini saa kumi na moja, saa kumi na moja na robo niko nyumbani. Nalala. Sijalala hivi tangu tuoane."

Kama angeniambia hivyo kwenye simu, ningekata. Pale nilikuwa nimeshika mzizi kwa mkono mmoja na fimbo kwa mwingine, sikuwa na namna ya kukata. Nikamwambia na mimi langu: kwamba kila anaponiambia "njoo tu huku", mimi nasikia "mwache mama yako". Kwamba mimi ndiye mtoto wa kike pekee, na kwamba kazi yangu nimeihangaikia miaka sita.

Kimya. Hatua ishirini hivi. Kisha akasema, "Sikuwahi kumaanisha mama aachwe. Nilimaanisha mje wote."

"Mama na baridi hii?"

"Tutamnunulia jiko la mkaa na koti la Mjerumani."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Ndipo kijana wetu akainua mkono tunyamaze. Juu kwenye tawi, mbega watatu walikuwa wametulia na makoti yao meusi yenye mapindo meupe, wanatutazama kama wazee wa baraza wanaosikiliza shauri.

Baada ya mwendo wa saa moja na ushee tukafika ukingoni, na hapo maneno yakaisha. Ardhi inakatika ghafla. Chini kabisa, kati ya kuta zilizovaa msitu mpaka kwenye maji, limelala ziwa la kijani lenye urefu wa kilomita kama mbili na nusu. Umbo lake wengi wanalifananisha na ramani ya Afrika, na kweli ukilitazama unatafuta Tanzania ilipo. Hakuna mto unaoonekana kuingia wala kutoka. Mlima ulilipuka, ukatapika kilichokuwa tumboni mwake, ukabonyea, na mvua ikajaza shimo. Wenyeji wanasema jina Ngosi kwa Kisafwa maana yake ni kubwa. Hadithi nazo hazikosekani: kwamba maji hubadilika rangi, kwamba ziwa lina nguvu zake. Kijana alitusimulia kwa sauti ya chini, nasi tukasikiliza kwa heshima.

Kuna njia ya kushuka mpaka majini, lakini ni mteremko mkali wa kushikilia mizizi, na ikiwa imenyesha usithubutu. Sisi tulibaki juu. Tukala viazi vya kuchemsha na parachichi, tukanywa chai ya chupa. Na pale, tumetazama ziwa badala ya kutazamana, tukapanga. Oktoba, baridi ikipungua, nitachukua likizo nije na mama mwezi mzima aonje maisha ya huku. Mimi nitaanza kutafuta kazi Mbeya kwa dhati, siyo kwa mdomo. Ikifika Desemba sijapata, au mama amekataa, yeye ataomba tena uhamisho na hatanung'unika. Hatukumaliza kila kitu, nisikudanganye. Lakini tulipanda na malalamiko, tukashuka na tarehe.

Msitu nao una haki yake

Njiani kurudi niliuliza kijana wetu kama anaishi kwa kazi hii. Akasema analima viazi, na wageni ni nyongeza. Msimu ukiwa na wageni wengi ananunua mbolea bila kukopa. "Na wageni wasipokuja?" Akanyoosha panga lake kuelekea kwenye kisiki cha mti uliokatwa zamani. Hakusema zaidi, na haikuhitajika. Mkaa unanunuliwa kila siku, iwe kuna wageni au hakuna.

Mito inayonywesha migomba ya Tukuyu na mpunga wa Kyela inaanzia kwenye milima hii. Kwa hiyo unapolipa kiingilio na kumlipa mwongoza njia wa kijijini, hujatupa pesa. Umeusaidia mti uliosimama uwe na thamani kuliko gunia la mkaa. Na chupa ya maji uliyokwenda nayo, rudi nayo. Nilikuta maganda ya biskuti ukingoni mwa Ngosi, nikaona aibu kana kwamba ni ya kwangu.

Kabla hamjafunga begi

Msimu: miezi ya kiangazi, Juni hadi Oktoba, ndiyo yenye njia kavu. Juni na Julai baridi ni kali. Kuanzia Novemba mpaka Mei mvua ni nyingi, na utelezi usiombe.

Usafiri: mabasi ya kutoka Dar hadi Mbeya yapo kila siku, treni ya TAZARA inafika, na ndege zinatua Songwe. Kutoka Mbeya kuna magari ya abiria ya Tukuyu na Kyela siku nzima.

Mavazi: viatu vyenye meno, suruali ndefu, sweta, koti la mvua. Jinzi ikilowa inakuwa mzigo. Wigi la gharama liache nyumbani, dada yangu, matawi hayana adabu.

Malipo: ulizia ofisi za misitu au za halmashauri kabla ya kwenda, lipa kwa utaratibu rasmi na udai risiti. Mwongoza njia mkubaliane bei kabla ya kuanza kupanda.

Simu: iwe ya picha tu. Mtandao ukipotea, usiutafute.

Nikiandika haya bado niko Dar, na mama ameshaanza kuulizia bei ya makoti ya Mbeya. Kama nitahamia huko au la, Desemba itasema. Wewe na mwenzi wako huenda hamna mkoa wa kugombania, lakini najua lipo jambo moja mnalolizunguka kila wikiendi kama maji ya Kijungu. Tafuteni njia nyembamba, mmoja atangulie, mwingine afuate. Na anayetangulia asiwe na haraka.